Mikono Miwili kwenye Mlango wa Melania

Tangu tukiwa kambini, Melania hajawahi kumaliza sala bila kuwaombea watu wa Marekani. Wengine tuliombea wagonjwa, wajane, mvua. Yeye akishawamaliza hao wote alivuta pumzi, akasema, "Na wale wa Marekani, Bwana, wanaolima njegere za njano, wape mvua na wao." Tulikuwa tunacheka chini chini, maana njegere zile kila mtu wa kambi anazijua. Unazichemsha tangu asubuhi, kuni zinaisha, zenyewe bado zinagongana kwenye sufuria kama kokoto. Lakini tulizila, watoto wetu wakakua nazo, basi tukaitika amina.

Mimi naitwa Martha. Melania alikuwa jirani yangu kule Mtabila, upande wa Kasulu, Tanzania. Kambi ilipofungwa tukarudishwa Burundi kwa malori, tukashukia Buhinyuza, Muyinga, kwenye vilima ambavyo tulivikimbia tukiwa wasichana. Ni mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mpole, anatembea ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayetafuta sindano njiani. Shule ya msingi aliimaliza, na Jumapili ndiye anayetusomea Neno kanisani, kwa sababu sauti yake ni wazi na hakosei. Naomba mlishike hilo la kusoma, nitalirudia.

Mume wake, Sebastiani, alikuwa seremala. Alifariki baada ya kurudi, akamwachia shamba, mtoto mmoja wa kiume anayeitwa Crispin, na mlango. Mlango huo aliutengeneza kambini. Alikusanya makopo ya mafuta ya kula, yale ya msaada, akayapasua, akayanyoosha kwa nyundo, akayagongelea kwenye fremu ya mti. Kila kopo lilikuwa na picha ileile: mikono miwili inashikana, na rangi za bendera ya Marekani juu yake. Siku ya kurudi watu walipakia magodoro na kuku, Sebastiani akapakia mlango. Tulimcheka. Yeye akasema, "Nyumba nitajenga, mlango ninao." Na kweli, nyumba ya Melania ilianza na mlango, ukuta ukaufuata.

Sasa nije kwenye habari yenyewe.

Mwaka jana redio zilitangaza kwamba Marekani imefunga misaada yake ya nje. Sisi huku kilimani hatukuelewa yote, ila tulielewa lilipofika kwa Crispin. Alikuwa anafanya kazi kwenye mradi wa uji wa watoto waliodhoofika, anapita vilimani na pikipiki akiwapima na kuwagawia mama zao unga. Mradi ulikuwa unalipwa na Marekani. Ukafungwa. Akarudisha pikipiki na helmeti, akaja nyumbani kwa miguu, amebakiwa na mabuti ya kazi tu. Kesho yake akachukua jembe.

Alhamisi ile, kwenye kundi letu la maombi, Melania alipofika mahali pake pa kuombea Marekani, msichana mmoja akafungua macho.

"Mama Crispin, hao watu wako si wamefunga? Wamemwachisha kazi mwanao na bado unawaombea?"

"Mvua bado wanaihitaji," Melania akamjibu.

Wengine wakadakia. Mmoja akasema, afadhali waondoke, walikuwa wanatufanya watoto. Mwingine akasema, wewe unasema hivyo kwa sababu mwanao hakuwahi kuvimba miguu kwa njaa. Melania hakubishana. Alimaliza sala yake kama kawaida, pamoja na njegere.

Shida ni kwamba wakati huo Crispin alikuwa na mchumba. Raissa, mwalimu wa shule ya msingi hapa Buhinyuza, lakini kwao ni Gitega mjini, mtaa wa Yoba. Baba yake, Mzee Moses, ana duka la misumari na bati. Tulipokwenda mara ya kwanza kubisha hodi, Crispin alikuwa na kazi na pikipiki, Mzee Moses akatupokea vizuri. Sasa ilikuwa inakuja siku kubwa ya kuposa, na kazi hakuna. Melania hakuwa anasema mengi, ila siku moja tukipalilia aliniambia, "Dada Martha, wakituambia rudini na mtoto wenu, mimi Crispin nitamtazamaje?" Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yake. Raissa alikuwa anampenda Crispin na mabuti yake, lakini kwetu msichana hajitoi mwenyewe. Anatolewa na wazee, mbele ya watu.

Basi Melania akataka zawadi yake iwe ya heshima. Alivuna maharage mekundu, akayachagua moja moja uani, yenye doa akayaweka kando kwa ajili ya nyumbani. Alipomaliza akaingia ndani akatoka na mfuko wa salfeti, mweupe, mpya kabisa. Alipewa kambini siku za mwisho, kabla ya malori, akauweka chini ya nguo zake miaka yote hii. Alikuwa ameufua na kuukunja hata mikunjo yake imekuwa kama ya shuka ya hospitali. Mbele yake kulikuwa na mikono miwili, bendera, na maneno ya Kiingereza.

Ambao hamkukaa kambini hamtaelewa. Kule, mfuko mpya ulikuwa kitu cha sherehe. Mtu akienda harusini na unga kwenye mfuko uliochakaa, watu walimsema. Ukienda na mfuko mpya, picha ikiwa nje, waliona umejinyima, umeuhifadhi, hukuushona pazia wala kumfunikia mtoto. Picha ndiyo iliyoonyesha kwamba haujatumika. Hata mimi nilipouona nikasema, "Umependeza." Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba Gitega wanaona kwa macho mengine.

Siku ikafika. Mafuta ya gari yalikuwa shida nchi nzima, lakini tulipata hiace ya kukodi, tukapita Muyinga mjini, tukapita Karusi, tukaingia Yoba mchana jua likiwa kali. Wanaume wakavaa koti, sisi wanawake tukavaa imvutano zetu, lile vazi la kufunga begani, tukajipanga mstari na zawadi kichwani. Wengine walibeba vikapu vyenye vifuniko. Melania alibeba mfuko wake, picha mbele.

Uani walikuwa wamefunga turubai la kivuli na kupanga viti pande mbili, wao huku, sisi kule, tunatazamana. Hivyo ndivyo posa inavyokuwa: kila upande una msemaji wake, na wasemaji wawili wanachokozana, wanatiana mitegoni, watu wanacheka, mpaka mtoto, yaani binti, anatolewa. Wengine wote wanyamaze, zaidi ya wote mama wa kijana. Msemaji wetu alikuwa Ignasi, katekista wetu, shemeji yake Melania. Msemaji wao alikuwa Mzee Amissi, Mwislamu, jirani ya Mzee Moses, mfanyabiashara wa vitenge ambaye Yoba nzima wanamwita kwenye posa kwa sababu ya ulimi wake, Kiswahili cha mjini kilichochanganyika na Kifaransa.

Shangazi wa Raissa, anaitwa Vumilia, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ndiye aliyepokea zawadi. Akaviweka vikapu katikati. Alipofika kwa Melania akapokea mfuko, akausimamisha katikati ya vikapu, picha inatazama upande wao.

Kisha Mzee Amissi akainuka, akarekebisha kofia yake.

"Alors, karibuni watu ya Buhinyuza. Mi nilikuwa najua muko wengi, mais naona kuko mugeni mwengine hamukumutaja. Uyu mwenye bendera ni nani? Ni mushenga?"

Upande wao wakacheka. Ignasi naye akatabasamu, akainuka. "Mzee wetu, huyo si mgeni, ni mfuko tu."

"Mufuko tu? Apana. Mufuko iko na maneno, na mi nimefanya biashara Kampala, najua kusoma." Akasogea, akainama, akafuata herufi kwa kidole. "Iko naandikwa: kutoka kwa watu wa Marekani. Donc, zawadi ya mutoto wetu inatoka Marekani! Na kijana wenu, tulisikia kazi yake ilikuwa ya nani? Ya Marekani. Na Marekani imefunga duka. Sasa mutoto wetu akilala njaa kule kwenu, tutamushitaki nani? Tupande ndege?"

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kwenye posa maneno kama hayo ni mchezo, na msemaji mzuri anajibu kwa mchezo. Ignasi angeweza kusema, ndiyo, tumekuja na mshenga wa mbali ili mjue tunavyomtaka huyu binti, na ingeishia pale. Lakini Ignasi alikaa kambini miaka mingi, na hilo lilimchoma. Akaacha mchezo, akaanza kuhubiri.

"Mzee Amissi, usiicheke nchi ile. Mungu ameipa shamba kubwa ili igawe. Sisi tulipokuwa hatuna hata chumvi, ni wao waliotulisha."

"Igawe, sawa, nani anaikataza? Mais kwa nini inaingia katika jiko ya watu? Leo inawasha moto, inasema, mama, pika ivi, pima mutoto ivi. Kesho ina hasira na wakubwa wenzake kule, inazima moto. Na sufuria inabakia na nani? Na we."

"Hakuna aliyelazimishwa kula."

Hapo akasema Mzee Moses mwenyewe, ambaye kwa desturi alipaswa kukaa kimya. Hakupandisha sauti. "Mwenye njaa amelazimishwa tayari, katekista."

"Basi na hapa Gitega mnalazimishwa," Ignasi akajibu, na mimi niliposikia tu nikafumba macho. "Vyandarua mnavyolalia vimetoka wapi? Dawa za malaria? Nchi ile imeingia hata vyumbani kwenu, ila ninyi mmetoa karatasi yenye jina."

Kicheko kikaisha. Mzee mmoja upande wao akasema kwa Kirundi kwamba hawa wamekuja kututukana nyumbani. Mwingine akasema, watu wa kambi ndivyo walivyo, wamezoea kunyoosha sahani, sasa wanadhani kila mtu ana sahani. Mzee Moses akaweka glasi yake chini na kuisogeza mbali. Mwenye nyumba akiacha kinywaji chake katikati ya posa, maneno yamekwama. Nilimtazama Crispin. Alikuwa anatazama ncha za viatu vyake, viatu vya kuazima.

"Nataka kujua kitu kimoja," Mzee Moses akasema. "Nani ameuleta mfuko huu mbele ya nyumba yangu? Na alitaka kuniambia nini?"

Ignasi akafungua mdomo. Melania akawahi. Alisimama pembeni pale tulipokaa wanawake, mikono ameifunga tumboni.

"Ni mimi, mzee. Mnisamehe. Sikujua. Niliununua tu pale sokoni Muyinga, wanaiuza mingi. Siwajui hao watu. Na maandishi hayo..." Akautazama mfuko. "Mimi sikusoma."

Ilikuwa kama mtu ametoa kifuniko. Mzee Amissi akapiga makofi. "Voilà! Mama hakusoma! Tumusamehe mama, na uyu Mumarekani tumurudishe kwao!" Watu wakaangua kicheko kipya, cha kupumua. Vumilia akaukamata mfuko, akamimina maharage kwenye ungo, na maharage yenyewe yalivyokuwa safi wanawake wao wakasema aa. Mtu akagusa chupa ya Fanta ikamwagika kwenye sementi. Vumilia akainama na mfuko uleule, akapangusa, akausukuma kwa mguu pembeni, kwenye kizingiti. Mzee Moses akachukua glasi yake. Mchezo ukarudi, na kabla jua halijashuka tukawa tumepewa mtoto.

Tulipiga vigelegele. Melania alipiga pia, nilimsikia. Lakini macho yake yalikuwa pale kwenye kizingiti, na kila aliyeingia ndani kuchukua viti alikanyaga ile mikono miwili.

Kwenye gari watu waliimba mpaka Karusi. Crispin alikaa karibu na mama yake. Nilikuwa kiti cha nyuma yao, nikamsikia anamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, asante. Umeniokoa." Melania akageukia dirishani, akajifanya anatazama migomba. Mimi nilijua kwamba lile neno asante lilimwingia vibaya kuliko kicheko chote cha Yoba.

Alhamisi iliyofuata hakuongoza sala. Iliyofuata pia. Jumapili alimwambia Ignasi amtafute msomaji mwingine, macho yanamuuma. Yule msichana aliyembishia akanong'ona, "Ameacha kuwaombea Marekani," kama mtu aliyeshinda. Aliongopa, na uongo wake ukampa mwanawe mke. Mngekuwa ninyi mngemwambia nini?

Kisha Raissa akaleta ujumbe: shangazi Vumilia anakuja Buhinyuza kutazama mahali mtoto wao atakapokaa.

Nikaenda kwa Melania kumsaidia kupiga lipu ya udongo. Kabla sijafika uani nikasikia sauti ya chuma kinakwaruza bati. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya mlango wake, kipande cha jembe mkononi, anakwangua. Pembeni alikuwa na bakuli la mchanga na majivu. Makopo ya chini yalikuwa yamekuwa meupe, yana mikwaruzo huku na huku. Alikuwa ameanza ya katikati.

"Mama Crispin, unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Huko si kusafisha."

Hakunitazama. "Dada Martha, mimi nilisema siwajui. Nilisema sikusoma. Atakuja hapa atagonga hodi kwenye nini? Ataona mikono ileile mlango mzima, ataenda kumwambia kaka yake kwamba mama wa Crispin ni mwongo. Watauliza, na mengine waliyosema yalikuwa kweli? Watamchukua mtoto wao."

Akaendelea. Chuma kilikuwa kinalia mpaka meno yanauma. Crispin akatokea shambani, jembe begani, akasimama. Alitazama mlango, akamtazama mama yake. Sikumsikia akimlaumu. Alisema tu, "Baba alitumia misumari yake ya mwisho hapo," akazunguka nyuma ya nyumba kunawa miguu.

Melania akakiweka chini kile kipande cha chuma. Alilia bila sauti, huku vumbi la rangi nyekundu na buluu limemshika kwenye vidole. Mlango ukabaki nusu: huku chini hakuna kitu, huku juu mikono bado inashikana.

Vumilia alikuja na pikipiki ya kukodi kutoka Muyinga mjini, amejifunga kitenge kichwani kwa ajili ya vumbi, analalamika tangu njiani. "Bamwana!" aliita, maana ndivyo wazazi wa wanaooana wanavyoitana kwetu. "Bamwana, vilima vyenu vimenivunja mugongo!" Kisha akafika mlangoni. Akaushika. Akapitisha kiganja kwenye makopo ya chini.

"Uyu mulango iko na ugonjwa gani? Uku chini iko na upele."

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Melania alitoka ndani, akasimama upande wa pili wa kizingiti. Nilidhani atasema watoto walichezea. Ilikuwa rahisi kusema hivyo.

"Ni mimi niliukwangua," akasema. "Nilitaka usiione hiyo picha. Nikashindwa kumaliza."

"Picha gani?" Vumilia akauliza, kisha akatazama juu. Akaitazama mikono ile muda mrefu. "Ni ya mufuko ule."

"Ni ya mfuko ule. Haukuwa wa soko, ulikuwa wangu. Nilipewa kambini, na nilikuwa nimeutunza kwa ajili ya siku ya Crispin, kwa sababu kule kwetu ndiyo ilikuwa heshima. Na kusoma najua. Niliyajua yale maneno kabla Mzee Amissi hajayasoma. Nawaombea watu wale kila wiki tangu Crispin ana meno mawili. Siku nimeulizwa mbele ya wazee, nikasema siwajui."

Vumilia alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Nikammiminia chai, hakuigusa.

"Mais bamwana," akasema, na sauti yake ya kuamrisha ilikuwa imepungua, "wamemuachisha mwanao kazi. Amissi hakusema uongo. Wanaingia, wanatoka, hawaulizi. We unaona haya kwa ajili yao ya nini?"

"Mzee Amissi hakusema uongo," Melania akajibu. "Ignasi naye, ijapokuwa aliwakosea, hakusema uongo. Tulikula. Siku ile watu wote walisema kweli kwa namna yao. Aliyesema uongo ni mimi peke yangu."

Kuku alipita katikati yetu. Hakuna aliyemfukuza.

Mwishowe Vumilia akasema, akitazama chini, "Ule mufuko iko kwa mulango wa kaka. Tunapangusia viatu." Akavuta kitenge chake, akafuta uso. "Nilipangusa sakafu nayo siku ile mbele yako. We ulikuwa unaniangalia."

"Hukujua."

"Sikuuliza." Akasimama. "Mi sitamwambia kaka. Kaka yangu ni mutu wa kupima maneno kama anavyopima misumari. Akisikia kwangu, ataona nimekuja kuharibu. Akisikia kwako, sijui. Anaweza akasema basi. We utaamua."

Alizunguka nyumba, akatazama chumba, choo, shamba. Kila kitu akasema kinafaa. Hakurudi tena kwenye mlango. Alipoondoka alipitia uani nyuma.

Melania hakulala na jambo lile. Alinifuata akaniomba nimsindikize Gitega. Crispin alipojua akasema, "Mama, acha. Tumeshapewa." Akamjibu, "Tumepewa na watu ambao hawakujua wanampa nani." Crispin akaenda kuwaambia wenzake wa shamba kwamba leo hatakuja, akaja nasi.

Yoba tulimkuta Mzee Moses dukani, na Mzee Amissi ameketi kwenye debe la misumari, wanapiga soga. Melania hakutaka waingie ndani wala wamtoe jirani. Alisema palepale, amesimama, maneno yaleyale aliyomwambia Vumilia, hakuongeza wala hakupunguza. Kisha akasema, "Crispin hakunituma kusema uongo ule. Kama mna la kuamua, liamueni juu yangu."

Mzee Moses aliokota msumari uliopinda, akaugeuza geuza kwenye vidole. Crispin alikuwa amesimama karibu na rundo la bati na nilimwona amekunja ngumi, kama mtoto anayengoja sindano.

"Maharage," Mzee Moses akasema. "Yalikuwa yako?"

"Yangu. Niliyalima mwenyewe."

"Tumeshayala. Yalikuwa matamu." Akaurudisha msumari kwenye debe. "Mama, umenitia aibu. Mtu alikuja nyumbani kwangu na heshima yake, akaona hawezi kusema ni yake, mpaka akajifanya mjinga ili mimi ninywe bia yangu kwa amani. Siku ya harusi ni ileile."

Mzee Amissi, ambaye hajawahi kukosa neno kwenye posa yoyote ya mtaa ule, alikuwa anatazama kofia yake magotini. "Mi nilitaka watu wacheke, mama," akasema. "Ni ivyo tu. Watu wacheke." Tukamngoja amalizie na mzaha, hakumalizia.

Tulipopita uani kumsalimu Vumilia niliuona mfuko. Haukuwa mlangoni. Ulikuwa umefuliwa, umeanikwa kwenye kamba katikati ya mashuka, picha imefifia na katikati una tundu. Vumilia alituona tunautazama. Hakusema tuuchukue, na Melania hakuuomba. Tulikunywa chai, tukaongea habari za mvua.

Raissa sasa anakaa Buhinyuza, mke wa Crispin. Melania amerudi kusoma Neno Jumapili. Alhamisi anaongoza sala, na mahali pale pa Marekani anafika, anavuta pumzi, midomo inatikisika, lakini hasemi kwa sauti. Yule msichana safari hii hajamchokoza. Tunamsubiri amalize, halafu tunaitika.

Mvua za mwaka huu zimeupiga ule mlango. Kule juu, rangi bado inalinda bati. Kule chini, alipokwangua, kutu imeanza kula, nyekundu kama udongo, na ukiinama unaona mwanga wa jikoni kupitia vitundu. Raissa alileta rangi kutoka dukani kwa baba yake, rangi nzuri ya kijani, akasema, "Mama, tuupake wote, upendeze."

Melania alimshukuru, akaiweka rangi juu ya kabati. Mpaka leo haijafunguliwa.